Nani Anazipima Lahajedwali za Shaba ya Lualaba?

Maabara ya madini inayofuata kanuni haiiamini mashine yake bila kuitega. Katikati ya sampuli zilizotoka machimboni, fundi huchomeka unga ambao kiwango chake cha shaba kimekwisha kupimwa na maabara kadhaa na kuandikwa kwenye cheti. Huchomeka pia mchanga usio na shaba, na baadhi ya sampuli huzirudisha mara ya pili chini ya namba nyingine. Mashine ikiusoma vibaya unga wa cheti, kundi zima hurudiwa. Utaratibu huu ulikazwa duniani baada ya 1997, pale ilipobainika kwamba sampuli za kampuni ya Bre-X kutoka Busang, Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu kwa mkono. Kanada ikatunga kanuni yake ya taarifa za madini, NI 43-101, na kampuni za mkoa wa Lualaba, Kongo, zilizouza hisa zake katika soko la Toronto zikabanwa nayo.

Matokeo yakishatoka maabara huingia kwenye lahajedwali, mara nyingi Excel, na hapo mitego yote hukoma. Ni nadra mtu kuchomeka safu yenye jibu linalojulikana ili aone kama fomula italitoa. Wastani uliotokea kwenye seli ya mwisho hubebwa kama ulivyo, hadi kwa mhandisi anayeamua mawe yapi yaende kiwandani na yapi yatupwe, kwa mhasibu wa mrabaha, kwa mwanahisa aliye mbali, na kwa mkuu wa sekta anayesubiri fungu la watu wake. Ninalolitetea hapa ni jambo moja: lahajedwali ni chombo cha kupimia kama ilivyo mizani ya malori, na ipimwe kama mizani inavyopimwa.

Kosa lililokaa ndani ya programu

Wengi wetu tumelelewa na imani kwamba kompyuta haikosei hesabu, anayekosea ni mtu. Historia ya Excel haikubaliani na imani hiyo. Chukua mchepuko sanifu, kile kipimo kinachoonyesha namba zimetawanyika kiasi gani kuzunguka wastani wake. Kuna njia mbili za kuukokotoa. Ya kwanza ni kutafuta wastani, kisha kurudi kwenye kila namba, kuutoa wastani huo, kupata mraba wa tofauti na kujumlisha miraba yote. Ya pili, iliyopendwa na watengenezaji wa vikokotoo kwa sababu hupita kwenye data mara moja tu, hujumlisha miraba ya namba zenyewe, halafu hutoa mraba wa jumla uliogawanywa kwa idadi. Kwa kalamu na karatasi njia zote mbili hufika mahali pamoja. Kwenye kompyuta hazifiki, kwa kuwa kompyuta hubeba tarakimu 15 au 16 tu za kila namba. Ukitoa namba kubwa mno kutoka kwa nyingine inayokaribia kulingana nayo, zile tarakimu za mwisho zilizobeba ukweli wote huwa zimekwisha kukatwa.

Jaribu namba tatu: 100,000,001, 100,000,002 na 100,000,003. Zimepishana kwa moja moja, na mchepuko wake sanifu ni 1 kamili. Njia ya pili, kwa usahihi wa kawaida wa kompyuta, hutoa 0. Programu imekuambia kwamba namba tatu tofauti ni namba ileile.

Excel iliendelea na njia hiyo mpaka toleo la 2003 lilipotoka. Dawa ilikuwa imejulikana zamani: mwaka 1962 B. P. Welford alichapisha namna ya kupita kwenye data mara moja bila kupoteza tarakimu. Maonyo nayo hayakukosekana. Günther Sawitzki aliandika mwaka 1994 kuhusu programu za takwimu zisizoaminika, Leo Knüsel akaonyesha mwaka 1998 kwamba majedwali ya uwezekano ndani ya Excel 97 yalikuwa na makosa, na mwaka 1999 B. D. McCullough na Berry Wilson wakaipitisha programu hiyo kwenye data za majaribio za NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Data hizo ni sawasawa na unga wa cheti wa maabara, kwa kuwa kila kundi lina jibu lililokokotolewa kwa usahihi wa tarakimu nyingi na kuthibitishwa. Excel ilishindwa kwenye maswali kadhaa.

Kundi moja kati ya hayo, NumAcc4, lina namba 1,001 zenye wastani wa 10,000,000.2 na mchepuko wa 0.1. Msomaji wa kawaida ataliona kama fumbo la wanahisabati. Mpima ardhi wa Kolwezi, mji mkuu wa Lualaba, analifahamu vizuri, kwa sababu katika mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 35 Kusini, umbali wa mji wake kuelekea kaskazini huandikwa kwa namba inayozidi milioni 8.8 za mita. Kuta za mashimo makubwa huwekewa vioo vinavyopimwa mara kwa mara ili kubaini kama ukuta umesogea hata kwa milimita chache. Hayo si mambo ya kinadharia: Machi 2016 ukuta wa shimo la shaba la KOV, karibu na Kolwezi, uliporomoka na wafanyakazi saba walipoteza maisha. Chanzo cha msiba ule hakikuwa lahajedwali, wala sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba ukichukua namba elfu moja za ukubwa wa milioni 8.8, zinazotofautiana kwa milimita, ukazitia kwenye fomula ya zamani, utapata sifuri au namba isiyo na maana yoyote. Ndiyo maana mafundi wazoefu hukata tarakimu za mwanzo na kutumia vipimo vya mgodi wenyewe, vinavyoanzia karibu. Desturi hiyo huokoa hesabu, hata pale anayeifuata hajaambiwa sababu yake.

Kisa cha marekebisho chenyewe kina funzo kuliko kosa. McCullough aliwapelekea makosa ya namna hii watengenezaji wa Gnumeric, lahajedwali huria ya mradi wa GNOME, kikundi kidogo kikilinganishwa na Microsoft. Waliyatengeneza kwa muda mfupi, wakiazima sehemu za hesabu kutoka programu ya takwimu ya R, ambayo nayo ni huria na wataalamu walikuwa wameikagua tayari. Microsoft ilirekebisha baadhi katika toleo la 2003, ikaacha mengine, na hata kizalishi kipya cha namba za bahati nasibu kilichokuja na toleo hilo kilianza kwa kutoa namba hasi pale zisipotakiwa kuwapo. Marekebisho mapana yalisubiri hadi 2010. McCullough alilinganisha kisa cha Gnumeric na cha Excel kwenye makala ya mwaka 2004, na ulinganisho huo bado una uzito: pale ambapo fomula iko wazi na yeyote anaweza kuisoma, kosa likionyeshwa linaona aibu na kuondoka. Likiwa limefungiwa, linaweza kukaa miaka kumi.

Leo mchepuko sanifu wa Excel, kwa Kifaransa ECARTYPE.STANDARD, ni wa kuaminika. Hatari imehamia kwingine. Mtu anayeandika fomula kwa mkono kutoka kitabu cha chuo, au anayerithi makro iliyotungwa zamani na mhandisi aliyekwisha hamia mgodi mwingine, anaweza kuwa anafufua njia ileile ya kukata tarakimu bila kujua. Programu mpya haiwezi kutibu fomula iliyoandikwa na mtumiaji.

Koma, nukta na alama ya "chini ya"

Kwa uzito wa matokeo, hata hivyo, makosa ya programu ni madogo yakilinganishwa na makosa ya namna data inavyoingia. Hapa Lualaba ina tabu yake yenyewe. Uani watu huongea Kiswahili, ofisini barua huandikwa kwa Kifaransa, na meza za wahandisi zimejaa kompyuta zilizopangwa kwa Kichina na Kiingereza. Kifaransa huandika desimali kwa koma. Kichina na Kiingereza huandika kwa nukta, kama yanavyofanya makala haya. Mashine nyingi za maabara nazo hutoa nukta.

Faili ya namna hiyo ikifunguliwa kwenye Excel ya Kifaransa, namba yenye nukta mara nyingi huchukuliwa kuwa maandishi. Kompyuta haipigi kelele. Tuseme sampuli tano za shaba zina 2.4, 3.1, 0.8, 2.9 na 1.3 kwa mia. Wastani wake ni 2.1. Ikiwa ya tatu na ya tano zimeingia kwa nukta na kuchukuliwa kuwa maandishi, na nyingine kwa koma, fomula ya MOYENNE itaziruka mbili hizo kimyakimya na kutoa 2.8. Mawe ambayo pengine hayakustahili kusagwa yamepanda cheo kwa theluthi nzima. Dalili pekee kwa macho ni kwamba namba hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto, na hata dalili hiyo hufutika pale mtu anapoamua kupanga safu yote katikati ili ipendeze. Kinyume chake pia hutokea: uzito ulioandikwa kwa Kifaransa 28,450, yaani tani ishirini na nane na nusu kasoro kidogo, ukifunguliwa kwenye kompyuta ya Kiingereza unakuwa elfu ishirini na nane.

Ugonjwa wa ukoo huohuo ni alama ya "chini ya". Mashine isipoweza kuona shaba iliyo ndogo kuliko kikomo chake, maabara huandika <0.01. Lahajedwali huona herufi, si namba, na huiacha nje ya wastani. Fikiria rundo la mawe ya kutupwa ambalo nusu ya sampuli zake zimerudi hivyo. Wastani utakaopatikana ni wa zile zilizokuwa na shaba tu, na rundo la takataka litaonekana kama mali. Wataalamu wengi huweka nusu ya kikomo mahali pa alama hiyo. Kanuni nyingine zipo pia. Lolote litakalochaguliwa liandikwe kwenye faili ili anayefuata alione.

Tiba ya haya ni nyepesi kiasi kwamba inauma kuona haitumiki. Excel ya Kifaransa ina NB, inayohesabu seli zenye namba, na NBVAL, inayohesabu seli zozote zisizo tupu. Ziweke zote mbili chini ya kila safu ya vipimo. Zikitofautiana, kuna kitu kwenye safu hiyo ambacho wastani haukioni, na hakuna ripoti inayopaswa kutoka mpaka kipatikane.

Lipo kosa jingine ambalo NB na NBVAL haziwezi kulikamata, na kwa maoni yangu ndilo linalogharimu zaidi: wastani wa wastani. Hidroksidi ya kobalti, bidhaa inayosafirishwa kutoka Kolwezi kwenye magunia makubwa, hutoka na maji mengi ndani yake, na kobalti huhesabiwa kwa uzito mkavu. Tuseme kuna shehena mbili za tani 20 kila moja. Ya kwanza ina unyevu wa asilimia 10 na kobalti asilimia 35 ya uzito mkavu. Ya pili ina unyevu wa asilimia 40 na kobalti asilimia 25. Ukizikokotoa moja moja, ya kwanza ina tani 6.3 za kobalti na ya pili tani 3.0, jumla 9.3. Karani mwenye haraka atachukua wastani wa unyevu, asilimia 25, na wastani wa kobalti, asilimia 30, azidishe kwa tani 40 na kupata 9.0. Hakuna fomula iliyoandikwa vibaya. Programu imefanya kila ilichoambiwa. Kilo 300 za kobalti zimetoweka kwenye karatasi kwa sababu shehena yenye maji mengi ndiyo iliyokuwa na kobalti kidogo, na wastani hauna habari ya uhusiano huo. Fomula ya SOMMEPROD, inayozidisha mstari kwa mstari kabla ya kujumlisha, ingelimaliza tatizo hilo kwa dakika moja.

Wasomi na mabenki pia

Asije mtu akadhani haya ni ya migodi ya Afrika tu. Mwaka 2013 Thomas Herndon, Michael Ash na Robert Pollin walionyesha kwamba makala mashuhuri ya Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff ya mwaka 2010 kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi iliacha nchi tano nje ya wastani kwa sababu fomula ya Excel haikufika mwisho wa safu. Katika hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 ya benki ya JPMorgan mwaka 2012, uchunguzi ulikuta lahajedwali iliyogawanya kwa jumla ya namba mbili badala ya wastani wake, na hivyo pengine kuifanya hatari ionekane nusu ya ilivyokuwa. Uingereza, katikati ya janga la Korona, wagonjwa 15,841 walikosekana kwenye hesabu za taifa mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2020, kwa kuwa faili ya muundo wa zamani haikuweza kubeba zaidi ya mistari 65,536.

Kosa la Reinhart na Rogoff lilipatikana pale tu mtu wa nje alipofungua faili yenyewe na kukokotoa upya. Herndon alikuwa mwanafunzi. Alipewa lahajedwali na waandishi wenyewe, akaipitia.

Gharama yake Lualaba

Mkoa huu umeshaona namba za shaba zikifika mahakamani na kwa wasimamizi wa masoko. Novemba 2017 Katanga Mining, kampuni iliyomiliki hisa nyingi za Kamoto Copper Company chini ya Glencore, ililazimika kutoa upya hesabu za miaka iliyopita baada ya kukubali kwamba taarifa za uzalishaji wa kathodi za shaba na za akiba ya mawe yaliyorundikwa hazikuwa sahihi. Desemba 2018 ilifikia makubaliano na Tume ya Dhamana ya Ontario, ikalipa mamilioni ya dola za Kanada. Lile lilikuwa suala la watu na usimamizi, na programu haikuwa na hatia. Lakini namba hizo zilipita mikononi mwa wengi kabla ya kurekebishwa, na wananchi wa Kolwezi, waliokaa juu ya shaba hiyohiyo, hawakuwa na njia yoyote ya kuzikagua.

Mgogoro wa mgodi wa Tenke Fungurume ulikuwa mkubwa zaidi. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo yenye hisa asilimia 20, ilidai kwamba CMOC ya China haikutangaza akiba yote ya mgodi. CMOC ilikana. Februari 2022 mahakama ya Lubumbashi iliteua msimamizi wa muda, usafirishaji ukazuiwa kuanzia Julai mwaka huo, na mwaka 2023 pande mbili zikamaliza kwa CMOC kukubali kulipa dola milioni 800 hadi 2028, pamoja na gawio lisilopungua dola bilioni 1.2. Akiba ya madini haihesabiwi kama magunia ghalani. Ni makadirio ya kitakwimu kutoka mashimo ya kuchoronga, sayansi iliyoanzishwa na Danie Krige katika dhahabu ya Witwatersrand mwaka 1951 na kupewa msingi wa kihisabati na Mfaransa Georges Matheron. Wahandisi wawili waaminifu, wakichagua kikomo tofauti cha kiwango au namna tofauti ya kushughulikia sampuli zenye kiwango cha juu kupita kiasi, watafika kwenye tani tofauti kabisa. Kwa hiyo ubishi wa aina hii hauwezi kutatuliwa kwa kulinganisha jibu na jibu. Lazima zifunguliwe hatua za hesabu, na Kongo haijajijengea desturi ya kuzidai.

Chini kabisa ya mnyororo huu yupo mchimbaji wa mikono. Akifikisha magunia yake kwenye depo ya kununulia madini, kifaa cha miale kinachojulikana Kolwezi kwa jina la Metorex huelekezwa kwenye mawe na kusoma kiwango. Kifaa hicho husoma uso wa jiwe tu, kwa hiyo matokeo hubadilika kulingana na mahali kilipoelekezwa na mawe yalivyosagwa. Usomaji mmoja hautoshi. Ingehitajika kusoma mara kadhaa na kutoa wastani, tena mbele ya mwenye mali. Malalamiko kwamba vipimo vya depo huwapunja wachimbaji ni ya miaka mingi, na yataendelea maadamu anayeuza haonyeshwi ila namba ya mwisho. Jiwe la cheti lililowekwa mezani, ambalo mchimbaji yeyote angeweza kuomba lipimwe kabla ya lake, lingebadilisha mazungumzo hayo kuliko hotuba nyingi.

Mrabaha nao hufuata njia hiyohiyo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imeweka asilimia 3.5 kwa shaba, na kobalti, baada ya kutangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huo, ikapanda hadi asilimia 10. Nusu huenda serikali kuu, asilimia 25 mkoani, asilimia 15 kwa eneo la chini ambako mgodi upo, iwe komuni, sekta au utawala wa kichifu, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa kila dola milioni 10 za kobalti, eneo la chini linastahili dola 150,000. Kosa la wastani wa wastani nililolionyesha juu, lile la 9.0 badala ya 9.3, likiingia kwenye hesabu hiyo huondoa karibu dola 4,800 kutoka fungu hilo. Rudia kwa mwaka mzima wa malori yanayoelekea mpaka wa Kasumbalesa, na tunazungumzia madarasa na visima.

Kinachowezekana sasa hivi hakihitaji sheria mpya. Kampuni, CEEC inayothibitisha madini kwa niaba ya serikali, na idara za mapato za mkoa zingeanza kwa kuweka ndani ya kila faili ya hesabu karatasi moja ya majaribio: data za NIST, zile shehena mbili za hidroksidi, na safu iliyochanganya koma na nukta kwa makusudi, pamoja na majibu yake yaliyothibitishwa. Faili isiyotoa majibu hayo isitumike kukokotoa kitu chochote kinacholipiwa. Vyuo vya Kolwezi na Lubumbashi vifundishe hilo kwa wanafunzi wa jiolojia na uhasibu kwa bidii ileile vinayotumia kufundisha kuchukua sampuli.

Na komuni za Dilala na Manika, mji wa Fungurume, sekta za Luilu na Lufupa ziache kupokea jumla tupu. Pamoja na kila malipo ya mrabaha ziombe faili yenyewe, si picha yake wala karatasi iliyochapishwa, ikiwa na mstari mmoja kwa kila shehena: uzito pamoja na maji, unyevu, kiwango, bei iliyotumika na mrabaha uliotokana nayo. Karani mwenye kompyuta na LibreOffice, ambayo ni ya bure, anaweza kuikokotoa upya kwa siku moja na kuandika barua kuhusu mistari ambayo hesabu zake hazikubaliani.